Swali la Maziwa

Nimestaafu nikiwa na miaka thelathini na moja. Sista Agripina, msimamizi wa kituo chetu cha afya, ndiye aliyelitumia neno hilo kwanza, siku wenzangu waliponinunulia soda na kunifunga kitenge mabegani, naye alilisema kwa kunitania. Mtu wa kujitolea hastaafu, anaacha tu kuja. Lakini nimekilinda chumba cha miguu kwa miaka mingi kuliko nilivyokaa shuleni, na sasa kituo kimepata muuguzi aliyesomea kazi hiyo, mwenye cheti na mikono isiyotetemeka. Ni sawa kabisa. Nilipokabidhi funguo nilijisikia mwepesi, kisha nikarudi kutoka getini kuhakikisha nimefunga dirisha.

Sista ameniomba niwaandikie ninyi mtakaoingia chumba kile baada yangu. Alisema niandike nilichojifunza. Nimejaribu mara kadhaa na kufuta, kwa sababu kila sentensi niliiona haijakamilika. Safari hii nitaandika bila kufuta sana, mnivumilie.

Sikusomea uuguzi. Nilikuja kituoni kusaidia kupima uzito siku za kliniki ya sukari. Kituo chetu ni kidogo, kipo kwenye njia ya kwenda hospitali ya Haydom, na wagonjwa wengi hushuka kwetu wakiwa na nauli ya kuishia hapo tu. Kazi ya mizani ilinipa wasiwasi. Kila mgonjwa nilimshusha na kumpandisha tena kuhakikisha, na foleni ikafika nje kwenye jua. Sista Agripina alitoka, akanitazama, akasema mtu anayerudia hivi asiwekwe kwenye mizani, awekwe mahali ambapo kurudia kuna faida. Akanipeleka chumba cha miguu. Baadaye nilijua pia kwamba hakuna aliyekuwa anakitaka.

Siku ya kwanza mgonjwa wangu wa kwanza alivua kiatu kimoja tu. Nilipomwomba avue na cha pili, alisema mguu huo hauna tatizo. Wa pili alivua vyote, akafunika miguu kwa kofia yake. Sikuwa nimejua kwamba watu wazima huona aibu ya miguu kuliko ya tumbo. Wazee hasa. Unamsalimu shikamoo, anaitikia marahaba, halafu unapiga magoti na kushika nyayo zake, na yeye hajui atazame wapi. Nilijifunza kuleta beseni la maji ya uvuguvugu kwanza. Mtu akishawekewa maji anajua kazi ni ya kunawisha, na hilo linakubalika. Msiache beseni. Siyo kwa ajili ya usafi peke yake.

Vifaa vyenu ni viwili. Kuna uzi wa nailoni uliofungwa kwenye kijiti. Unaugusisha kwenye unyayo na kuusukuma mpaka ujikunje kidogo, basi. Ukisukuma zaidi unampima mgonjwa uvumilivu. Cha pili ni kile chuma cha meno mawili. Unakigonga kwenye kiganja chako, kinatetema, unakiweka kwenye mfupa wa kidole gumba cha mguu, na mgonjwa anakuambia kama anasikia mtetemo na umekwisha lini. Niliupima uzi huo kwenye miguu yangu, ya mama yangu, ya wadogo zangu, na ya jirani mmoja aliyekuja kuazima chumvi. Nilitaka kujua mguu mzima unajibuje kabla ya kuujua ulio mgonjwa.

Mengine nilijisomea kwenye simu, na kamusi pembeni. Nilisoma jinsi sukari iliyozidi kwenye damu kwa miaka inavyoharibu mishipa ya fahamu, ikianzia ile mirefu zaidi, ndiyo maana vidole vya miguu vinatangulia. Mwanzo huwaka moto au huchomachoma kama umekanyaga siafu, baadaye huja ganzi. Nikawa nawaambia wagonjwa kwamba sukari inaharibu mishipa. Ilinichukua muda kugundua kwamba kwetu neno mishipa ni moja, liwe la damu au la fahamu. Mama mmoja kutoka Maretadu alikuwa akijipaka dawa ya kuchua juu ya mishipa ya damu iliyovimba mapajani, kila jioni, kwa uaminifu mkubwa, akingojea ganzi ya vidole iondoke. Nikamweleza upya. Akasema basi niseme hivyo tangu mwanzo. Tangu siku hiyo nasema "mishipa ya kusikia", na haijalishi kama kitabu hakisemi hivyo.

Na kuna vile vidonge vya madukani vinavyoitwa vya mishipa, na ile sindano nyekundu. Mtawakuta wagonjwa wamevinunua kabla ya kufika kwenu. Ndani yake kuna vitamini B za aina kadhaa. Niliwahi kuviogopa vyote, kisha nikaviamini vyote, na mara zote mbili nilikuwa nimesoma nusu. Sista Agripina ndiye aliyeninyoosha. Alisema vitamini haimrudishii mtu mishipa iliyoliwa na sukari. Vitamini inamsaidia mtu aliyepungukiwa nayo. Na nyingine, kama B6, ukizimeza nyingi mno kwa muda mrefu, zenyewe huweza kuleta ganzi uliyokuwa unaikimbia. Inayotuhusu sisi zaidi ni B12. Hiyo inakaa kwenye nyama, maziwa, mayai na samaki. Mahindi hayana, maharage hayana. Na metformini, dawa ile ile ambayo wagonjwa wetu wengi wanaimeza kila siku na inayowafaa, ikitumika kwa miaka huweza kuupunguzia mwili B12. Mtu huyo mishipa yake inaharibika mara mbili, kwa sukari na kwa upungufu, na ganzi ya huku na ya kule zinafanana. Kwa hiyo, alisema Sista, mgonjwa wa metformini wa siku nyingi akilalamika miguu, usimwachishe dawa na usimpe vidonge vya rangi. Muulize anakula nini, umpeleke kwa daktari.

Kwa hiyo tulikuwa tunauliza. Nataka mlikumbuke hilo mnaposoma yanayofuata. Hatukusahau.

Mzee Gidahunda alianza kuja kwetu mwaka wangu wa pili. Alikuwa mrefu, mwembamba, shuka lake begani limefungwa vizuri, na fimbo ambayo hakuiegemea. Alikuja na binti yake Elizabeti, aliyekuwa anabaki kwenye benchi nje. Nilipomuuliza anatoka wapi alisema Balangdalalu. Alikuwa ametumia metformini tangu zamani, akiichukua huku na kule, na sukari yake haikuwa mbaya sana. Miguu ilikuwa inamwaka. Alisema akilala anaiweka kwenye sakafu ya udongo ipoe.

Sista aliingia chumbani na kumsalimu, akauliza mambo ya dawa, kisha, wagonjwa wengine wakiwa wamesimama mlangoni, akauliza swali letu. Maziwa na nyama anapata?

Mzee alijinyoosha kwenye kiti. "Mimi ni mtu wa ng'ombe," alisema.

Sista alicheka, akaomba radhi kwa kuuliza. Nami nilicheka. Kumuuliza Mdatoga, mfugaji wa Balangdalalu, kama anakunywa maziwa, tuliona ni kama kumuuliza padri kama anasali. Tulilifuta jambo la B12 kichwani, tukakazana na sukari. Nilimfundisha kukagua nyayo na kunawa bila maji ya moto. Alinisikiliza kwa heshima, na mara moja moja alitoa kile kichupa chake cha ugoro, akachovya vidole viwili, akavuta, akapiga chafya, akaniomba niendelee.

Kila alipokuja nilimuuliza tena. Ni tabia yangu, siwezi kuacha swali likae jibu la zamani. Maziwa, mzee? Na kila mara alijibu yale yale, mimi ni mtu wa ng'ombe, binti, na ikawa kama utani wetu wa kusalimiana. Mwaka uliofuata aliacha kulalamika kuwaka. Alisema miguu imepoa. Nilifurahi mpaka nilipoipima, na uzi ukanikatisha furaha, kwa sababu vidole vyote vilikuwa kimya. Nilimweleza Sista, naye akasema ndivyo sukari inavyofanya, moto unazimika kwa sababu hakuna tena wa kuusikia. Ni kweli. Ndivyo inavyofanya. Tulikuwa na jibu lililotosha, na ukiwa na jibu linalotosha hutafuti la pili.

Kulikuwa na mambo mengine, ambayo nikiyapanga leo yanapangika vizuri sana. Elizabeti aliniambia siku moja kwamba baba yake akifumba macho kunawa uso asubuhi anayumba, ilibidi washike beseni wakiwa wawili. Ulimi wake ulikuwa umelainika na kuwa mwekundu, akasema pilipili zinamchoma siku hizi. Alionekana mweupe ndani ya kope, akanunua vidonge vya kuongeza damu dukani, na damu ikapanda kweli, tukampongeza. Daktari wa Haydom alikuja kutueleza baadaye kwamba ndani ya vidonge vile kuna asidi ya foliki, nayo ni ndugu wa B12 kwa upande wa damu tu. Huweza kuipandisha damu vizuri, mishipa ikaendelea kuharibika chini yake, na wote mkaona mgonjwa anapata nafuu.

Kilichoniuma zaidi ni ugoro. Siku moja alichovya, akavuta, akangoja chafya. Haikuja. Akatazama vidole vyake, na mimi nikatazama. Havikuwa na kitu. Ugoro ulikuwa umemwagika kwenye shuka tangu mwanzo na hakujua kwamba ameshika hewa. Alikung'uta shuka, akauliza kama mvua imefika kwetu.

Sasa niwaeleze siku yenyewe. Ilikuwa kliniki ya kawaida, asubuhi ya baridi. Nilileta beseni, nikampigia magoti, nikaanza kumvua katambuga, vile viatu vya tairi. Cha kulia kikatoka. Cha kushoto kikakataa. Nilidhani ukanda umenasa. Nikavuta, kisigino kikaja nacho. Niligeuza mguu nikaona mwiba wa mgunga umeingia kutoka chini ya tairi, ukapita, ukaingia kwenye nyama ya kisigino. Kiatu kilikuwa kimepigiliwa kwenye mguu. Alikuwa ametembea hivyo mpaka kwenye gari, akashuka, akatembea mpaka kwetu, akanitolea habari za ukoo mzima.

Nilimwita Sista. Alikata, akatoa, akasafisha, akafunga. Mzee alikuwa akitazama ukutani, na hakukunja uso hata kidogo. Sista alipotoka kwenda kumtafutia dawa, mimi, kwa sababu ndivyo nilivyo na siwezi kuacha kipimo nusu, nilichukua uzi wangu nikaupima mguu wa kulia. Nilimwambia afumbe macho, akisikia naugusa aseme ndiyo.

Alisema ndiyo. Akasema ndiyo tena. Nilishangaa, kwa sababu mwezi uliopita mguu huo ulikuwa kimya. Nikainua mkono, nikaushika uzi hewani, nikangoja.

"Ndiyo," alisema.

Nilingoja zaidi.

"Ndiyo."

"Mzee," nilimwambia, "hapo sijakugusa."

Macho bado aliyafumba. "Na kabla ya hapo?"

"Kabla ya hapo nimekugusa mara nyingi na hukusema kitu."

Alifumbua macho. Nilidhani atakasirika. Badala yake alitabasamu kwa aibu, kama mtoto aliyekamatwa akibahatisha hesabu. "Nakusikia unavyohangaika, binti," alisema. "Unagusa, unarudia, unapumua. Nikaona nikusaidie."

Niwe mkweli kwenu. Nililia kidogo, kichwa nimekiinamisha kwenye beseni. Kwa miaka yote hiyo nilidhani wasiwasi wangu ni wangu peke yangu, kumbe ulikuwa unaingia kwa wagonjwa na kuwafundisha cha kujibu.

Akauliza, "Mguu umekufa?"

"Haujafa, mzee. Damu inapita. Lakini hausikii."

Aliuinamia mguu wake. Nje watu walikuwa wanagombania zamu. Kisha akasema, kwa sauti ya chini iliyokuwa ya kawaida kabisa, "Umeniambia ukweli wa mguu. Na mimi nikuambie. Ng'ombe hawapo."

Aliniambia yote kwa muda mfupi. Ukame uliwamaliza, wachache waliobaki waliuzwa wakiwa mifupa. Hiyo ilikuwa kabla hata hajaanza kuja kwetu. Hakuwa akiishi Balangdalalu. Alikuwa akiishi Maretadu, kwa Elizabeti, kwenye nyumba ya mkwe wake, mkulima, mtu mwema. Alikula walichokula, ugali na maharage, asubuhi uji. Mkwe alikuwa na ng'ombe mmoja wa maziwa, na kila jioni kikombe kililetwa mbele ya mzee, na kila jioni alisema wape watoto. Hakuweza kunywa maziwa ya ng'ombe ambaye hakumtafutia majani.

"Mbona hukutuambia?" nilimuuliza.

"Mliniuliza mbele ya watu," alisema. "Mtu ananiuliza, wewe unakunywa maziwa? Nimjibu nini? Nimwambie mimi si mtu?"

Sista alikuwa amesimama mlangoni na dawa mkononi. Sijui alikuwa amesikia kuanzia wapi. Aliingia, akaketi kwenye kile kigoda changu kidogo, yeye ambaye sijawahi kumwona akiketi siku ya kliniki. Alimsalimu upya, shikamoo mzee, kana kwamba ndiyo kwanza wanakutana. Mzee akaitikia. Halafu Sista akamuuliza jana jioni watu pale nyumbani walikula nini. Akajibu. Na asubuhi? Akajibu. Ilikuwa rahisi hivyo. Ukimuuliza mtu nyumbani kumeliwa nini, anakuambia. Hakuna aibu ndani yake.

Tulimwita Elizabeti. Alifunika mdomo kwa kitenge aliposikia baba yake amesema mwenyewe. Alisema angetuambia nini, amfanye baba yake mwongo mbele ya wauguzi? Alikuwa ameketi kwenye benchi lile kila mara akijua, na hakujua kwamba anachokijua ni dawa. Nasi tulikuwa tukimpita na mafaili.

Alipelekwa Haydom siku ile ile, kwa ajili ya kisigino na kwa ajili ya damu. Kipimo chenyewe cha B12 hakikupatikana kwa urahisi, lakini chembe nyekundu za damu zilikuwa kubwa kuliko inavyotakiwa, na ukiunganisha na ulimi, na kuyumba, na miaka ya metformini, na uji, daktari wa huko hakungoja. Walimwanzishia sindano za B12 pale pale. Metformini hawakuiondoa. Kisigino kilichukua muda mrefu, tulikuwa na hofu ya kukatwa mguu, lakini kilifunga. Aliporudi kwetu, mimi na Sista ndio tulioendelea na sindano, mfululizo mwanzoni, baadaye mara moja kwa mwezi.

Mambo yalirudi, na yalirudi kwa mpangilio ambao niliufuatilia kama mtu anayesubiri basi. Kwanza ulimi. Akala pilipili. Kisha rangi ya uso, na nguvu, akaanza kuwagombeza wajukuu kutoka mbali. Kisha vidole vya mikono, na siku alipochovya ugoro na kuupata, alipiga chafya mpaka wagonjwa wa nje wakacheka. Elizabeti akasema ananawa uso sasa bila kushikwa, ila ukuta uwe karibu.

Miguu tulingoja. Kila mwezi nilichukua uzi na chuma. Nilikuwa nimejifunza kutulia, kupumua taratibu, kutorudia, ili asinionee huruma. Juu ya kifundo kulirudi kidogo. Kwenye nyayo na vidole hakukurudi kitu. Ulipopita mwaka nilimuuliza yule daktari kama tungoje zaidi. Alikuwa mtu mpole. Alisema upungufu ukitibiwa mapema mishipa hujirekebisha, ukikaa miaka kuna sehemu hairudi, na juu ya hapo kuna sukari, ambayo nayo ilichukua sehemu yake. Nilimuuliza ni sehemu gani ilichukuliwa na kipi. Nilitaka mstari. Akasema hakuna mtu duniani anayeweza kunichorea mstari huo.

Hapo ndipo ninapokwama mpaka leo. Inawezekana tungempata mwaka ule wa kwanza, miguu ikiwa bado inawaka, na sindano zikaiponya. Inawezekana sukari ingeichukua hata hivyo. Sista anasema nisijibebeshe, swali lilikuwa la kituo kizima na lilifundishwa hivyo kutoka juu. Najua. Silibebi kama kosa langu. Ninalijutia jinsi mtu anavyojutia mvua iliyonyesha shamba la jirani ikaacha la kwake, lakini kila wiki, na kwa ukamilifu. Nikipanda kitandani naliuliza lile swali upya kwa namna mbalimbali, nikitafuta ile ambayo angeijibu, na huwa naipata, na huwa ni ile ile rahisi ya Sista, jana mlikula nini.

Kwa hiyo ndilo neno langu kwenu. Msiulize mtu ana nini. Ulizeni kimeliwa nini, na mmuulize na aliyekaa kwenye benchi, kwa wakati wake, akiwa peke yake. Wakulima wanaopeleka maziwa yote sokoni watawaambia wanafuga. Wenye kuku watasema mayai yapo, nayo yapo, kwenye trei ya kuuzwa. Na mgonjwa akisema miguu imepoa, msifurahi kabla ya kuipima.

Wiki baada ya kukabidhi funguo nilikwenda Maretadu kumuaga Mzee Gidahunda. Nilimkuta Elizabeti anapepeta maharage uani. Aliniambia kuna habari. Baba yake alikuwa amepeleka ujumbe kwa ndugu zake Balangdalalu, akawaambia wazi hali yake, kwa mara ya kwanza tangu ukame. Walikuwa wamekasirika kwamba aliwaficha. Kisha mtoto wa dada yake akaja na mtamba mweusi mwenye baka jeupe, akamwachia, akasema ni wake. Mzee aliacha kulala mchana tangu siku hiyo. Alimkataza mjukuu kumchunga. Alisema atamchunga mwenyewe.

Nikamuuliza Elizabeti anamchungaje, na miguu ile.

"Njoo uone," alisema, akaweka ungo chini.

Walikuwa kwenye majani nyuma ya shamba la mahindi yaliyovunwa. Mtamba alikuwa mbele, mzuri kweli, manyoya yanang'aa, anakula huku anasogea. Mzee alikuwa nyuma yake, shuka begani. Alikuwa anatembea vizuri, polepole, hayumbi. Nilikuwa nimeshaanza kufurahi, nilipoona kichwa chake. Hakuwa anamtazama ng'ombe. Alikuwa ameinamisha uso na kutazama miguu yake, ule wa kulia, kisha wa kushoto, kisha wa kulia, kwa sababu asipoitazama haijui ardhi iko wapi. Akiinua macho amtazame mnyama wake, ilimbidi kwanza asimame.

Elizabeti alimkaribia kwa pembeni, akatembea naye. Hakumshika mkono. Nilisimama pale kwenye mabua, sikuwaita.

"Yuko wapi sasa?" mzee aliuliza, macho chini.

"Yuko mbele yako, baba," alisema Elizabeti. "Ameinua kichwa. Anakutazama."